Kwa Nini Watu wa Kiruvio Huamka Kumpokea Zuhura

Zamani, kabla watu wa Kiruvio hawajawa na desturi ya kuamka alfajiri kumpokea Zuhura, nyota hiyo ilikuja na kwenda zake bila mtu kuishughulikia. Watoto waliiona jioni juu ya mlima, wakaingia ndani kula. Kama mnadhani nawadanganya, muulizeni yeyote aliyezaliwa kule.

Shule ya kijiji ilikuwa na mwalimu mmoja wa sayansi, Mwalimu Mbonea, mtu mzima aliyeishi peke yake na kuku wake. Somo la sayari alikuwa amelifundisha miaka nenda miaka rudi, mpaka amelikinai. Siku moja, chaki mkononi, watoto mbele yake wakisinzia, akasikia uchovu wa kweli, akasema Mirihi ni nyekundu kwa sababu huko hakuna anayefagia. Darasa likaamka. Akaongeza kwamba Zohali amevaa pete kwa kuwa aliposwa na mchumba hajatokea hadi leo, na kwamba Zebaki amejibanza karibu na jua kwa sababu ana homa. Watoto walicheka hadi wakashika mbavu, na yeye, ambaye alikuwa karibu asahau kucheka, akacheka nao.

Kesho yake walimdai habari za Zuhura. Sasa, Kiruvio iko mlimani, na mtu akishuka tambarare haondoki bila kupewa salamu, hata kama anafuata chumvi tu. Akirudi lazima apite nyumba kwa nyumba kutoa majibu. Akipita kimya, watu hujua amekuta msiba na hana mdomo wa kuusema. Mwalimu akalichukua hilo, akawaambia watoto kwamba Zuhura naye hushuka tambarare kila jioni, na salamu anapokea, na akionekana tena jioni inayofuata, hayo ndiyo majibu.

Aliyeyashika maneno hayo kuliko wote ni Nakijwa. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya tambarare kwa ugonjwa wa kifua, na yeye amebaki na bibi yake. Kila jioni alisimama uani akamtuma Zuhura: mwambie mama mbuzi amezaa, mwambie siku hizi ugali nasonga mimi. Akimaliza, alikula na kulala vizuri. Bibi yake alikwenda kumshukuru mwalimu, na mwalimu akaona haya, ingawa si sana.

Kisha jioni moja Zuhura hakuonekana. Wala jioni iliyofuata. Mvua zilikuwa zimepita, mbingu haina wingu, lakini daraja lilikuwa limechukuliwa na maji na hakuna aliyeweza kushuka kuuliza hali ya mgonjwa. Nakijwa akaacha kula. Bibi yake akajikongoja tena hadi shuleni.

"Mwalimu, mjukuu wangu anasema mama yake amekufa. Anasema Zuhura amepita kimya. Njoo uzungumze naye, maana mimi hanisikii tena."

Mwalimu Mbonea alikwenda. Alichuchumaa mbele ya mtoto, akamwambia kwamba Zuhura ni sayari na haina masikio. Inazunguka jua kama dunia yetu inavyozunguka, na sasa inapita katikati yetu na jua, kwa hiyo mwanga unaificha. Itatokea tena upande wa pili, mashariki, kabla jua halijachomoza. Ulikuwa ukweli mtupu, na kabla ya hapo hakuwahi kulifundisha somo hilo kwa hofu namna ile.

Nakijwa alimsikiliza mpaka mwisho. "Hiyo nayo umeitunga, Mwalimu," alisema kwa upole, kama anayemwonea huruma.

Neno hilo lilimchoma. Hakubishana naye. "Basi tutaingoja pamoja," alisema.

Alfajiri akaja na blanketi na chupa ya uji, wakaketi uani watatu, wakitazama mashariki. Kulipambazuka, Zuhura hakuja. Alfajiri ya pili hivyo hivyo, na zilizofuata. Majirani walipoona moto uani saa zile walidhani kuna kifo, wakaja na kuni na viazi. Walipoelezwa wanachongoja, waliweka kuni chini wakakaa. Mwalimu alikuwa akiomba kimoyomoyo, yeye aliyezijua hesabu zote za anga.

Hatimaye, juu kidogo ya ukingo wa milima, ikatokea nuru ndogo nyeupe. Nakijwa alimtazama mwalimu kwanza, ndipo akaitazama nyota.

"Kumbe ulisema kweli," alisema. Kisha, ingawa sasa alijua haina masikio, akaiambia, "Mwambie mama leo nakula." Akachukua kikombe cha uji mkononi mwa mwalimu, na mwalimu akageukia pembeni akalia.

Daraja lilipotengenezwa, mama yake alirudi kwa miguu, amekonda, akipumzika kila kona.

Na tangu siku hiyo, Zuhura akipotea jioni, watu wa Kiruvio huamka alfajiri wakabeba uji, wakaenda kukaa uani kwa kila ambaye mtu wake yuko mbali, mpaka nyota itokee. Watoto wa kule watakueleza bila kukosea jinsi sayari zinavyozunguka jua, na salamu wanatuma vilevile. Wengine waliongojewa hivyo hawakurudi. Ndiyo maana hakuna anayeachwa angoje peke yake.