Brashi ya Mwanjaa na Shavu la Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, na anayesinzia aegemee ukuta, si bega langu.

Hapo kale aliishi mshonaji mmoja, Mwanjaa, na mdogo wake Somoe. Riziki yake ilikuwa kushona. Kuchora maua kwenye masinia ilikuwa raha yake ya alasiri. Bibi yake alimwachia brashi ya manyoya ya mbuzi. Ukichora ua kwa brashi hiyo, linanukia. Sharti lilikuwa moja: "Ukimaliza, osha, nyoosha, laza."

Mwanjaa alikuwa hodari wa kuchora, mvivu wa kuosha. Akimaliza, huichomeka brashi kwenye kopo, kichwa chini.

"Dada, brashi," Somoe humwambia.

"Nitaosha kesho."

"Dada, brashi."

"Nitaosha kesho."

Basi kesho ikawa haifiki. Maua yakaanza kunuka uvundo. Mwanjaa akasema rangi za siku hizi mbovu.

Siku moja alasiri, zimwi likapiga hodi. Zimwi hilo lilinuka mdomo hata nzi walilikimbia. Likamnyakua Somoe, likamtia kinywani, shavu likavimba.

"Nimealikwa harusini," likasema kwa upande mmoja wa mdomo. "Nichoree asumini shavuni, ninukie. Jua likizama sijanukia, nammeza huyu."

Mwanjaa akachovya rangi, akachora. Ua likanuka shombo.

"Hii si asumini!"

Akafuta, akachora tena. Likanuka maji ya mtaro.

"Hii si asumini!"

Somoe akapiga kelele humo ndani: "Dada, osha hiyo brashi! Huku kwenyewe kunanuka!"

Mwanjaa aliona aibu kuliko hofu. Akaleta maji ya uvuguvugu, akasugua manyoya kwa sabuni kiganjani. Maji yakatoka meusi, akamwaga. Akasugua tena. Yakatoka mekundu, akamwaga. Jua lilishagusa paa la jirani. Akasugua mara ya tatu, polepole, maana ukiyavuta kwa pupa manyoya yanang'oka. Maji yakatoka meupe. Akaikung'uta, akainyoosha ncha kwa vidole.

Akachora asumini moja, petali tano. Harufu ikajaa ukumbi mzima. Zimwi likacheka kwa furaha, kinywa wazi, na Somoe akaanguka sakafuni, kalowa mate chapachapa.

"Ahsante, fundi," likasema. "Harufu ikiisha, nitarudi."

Likaenda zake harusini.

Somoe hakulia. Aliiokota brashi iliyomponyoka dada yake, akamkabidhi.

"Osha, nyoosha, laza."

Mwanjaa akaosha, akanyoosha, akalaza. Ndipo akamfuta mdogo wake mate.

Hadithi yangu imetua hapo. Mafunzo yake: chombo chako kitunze ukimaliza kazi, usingoje siku ya shida.