Ulimi wa Mabilingani

Hapo zamani, enzi ambazo mtawala alisifiwa hata akipiga chafya, palikuwa na Sultani Jabiri wa Mkunguni, aliyependa mabilingani kuliko dhahabu. Bustani yake ilitunzwa na mjane mmoja, Bi Mize. Siku moja Sultani akashika kata, akamwagilia mwenyewe, na Waziri akapaza sauti, "Mkono huu ni wa baraka." Basi ikawa asubuhi na jioni Sultani anamwaga maji, na Waziri anasifu.

Haukupita muda majani yakawa manjano, yakalegea, yakaanza kupukutika. Waziri akasema ni kiu, maji yakaongezwa, na mimea ikazidi kunyauka. Kwa kuwa mkono wa baraka haukosei, ukatafutwa mkono mwingine wa kulaumiwa. Bi Mize akakamatwa, akaambiwa ni mchawi, na kwamba jua likichwa atafukuzwa nchini bila hata mkeka wake.

Alikuwapo maskini mmoja, Ngwali, ambaye watu walimwita mpumbavu. Bi Mize alikuwa akimpa chakula kila siku asiyokuwa nacho, yaani kila siku. Kwa uchungu Ngwali akaenda barazani, akapiga magoti.

"Ewe bwana wetu, bibi huyu hana hatia. Uyaulize mabilingani yenyewe."

Sultani akaghadhibika. "Vema. Kabla ya jua kuchwa, mabilingani yaniambie maradhi yao kwa ulimi wa mwanadamu. Yasiposema, utafukuzwa pamoja naye."

"Nimesikia na nimetii, bwana wangu. Ila mimea haina ulimi. Niazime ulimi wa Waziri."

Sultani akakubali, maana alitaka kuona upuuzi huo utaishia wapi. Baraza zima likahamia bustanini, Waziri akafukiwa hadi magotini katikati ya tuta, na Ngwali akamkabidhi Sultani kata. "Mtunze, bwana wangu, kama unavyoitunza mimea yako."

Na desturi ya Mkunguni ilikuwa kwamba anachotoa Sultani kwa mkono wake hakikataliwi. Basi Waziri akanywa kata ya kwanza, akasifu. Akanywa nyingine, akasifu. Akanywa tena na tena, sifa zikapungua, uso ukapauka, shingo ikalala upande.

"Amelegea," akasema Ngwali. "Bila shaka ni kiu. Mwongeze."

Hapo Waziri akalia. "Nihurumie, bwana wangu. Nimejaa hadi kooni. Si kiu, ni maji haya haya yanayoniua, nami niliogopa kukwambia."

"Mabilingani yamesema," akasema Ngwali. Akang'oa mmea mmoja, akauinua mbele ya baraza. Mizizi ilikuwa myeusi, imeoza, na harufu yake ikawafanya wakuu wazibe pua.

Sultani akaitazama mizizi, kisha akaitazama kata mkononi mwake, akaona haya. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na dawa yake?"

"Mkono wa baraka upumzike, udongo ukauke, na Bi Mize arudi kazini. Yeye humwagilia akiona udongo mkavu, si akiona watu wanatazama."

Sultani akaangua kicheko. Akaamuru Bi Mize afunguliwe na apewe ile kata, na kwamba Sultani mwenyewe asiiguse ila kwa idhini yake. Ngwali akaamriwa ale jumbani siku zote. Baraza zima likacheka kwa kuwa Sultani amecheka. Waziri naye alitamani sana kucheka, lakini alihofia tumbo lake, akaomba afukuliwe upesi.