Mwili wa Kuibeba Dawa

Wapendwa, habari hii kila nikiisimulia moyo hunidunda.

Kulikuwa na fundi seremala mmoja ambaye mkewe, Mama Tumsifu, aliugua saratani ya titi. Tarehe ya dawa ikifika, fundi ndiye wa kwanza mlangoni pa hospitali. Ila jirani alikuwa amemnong'oneza: "Ukimlisha vizuri, unaulisha uvimbe." Akaogopa. Nyama akaikataza, maziwa akayakataza, mayai ndiyo usiseme. Mama wa watu akawa anashindia chai ya rangi na mboga za kuchemsha. Je, hakumpenda? Alimpenda mno.

Siku moja daktari akampima mama uzito, akatikisa kichwa. "Leo hatumpi."

"Dawa imekwisha, daktari?"

"Dawa ipo. Mwili wa kuibeba ndio haupo. Anakula nini?"

Fundi akaeleza. Daktari hakumgombeza, alimwita mtaalamu wa lishe, dada mmoja mpole. Dada huyo akamwambia fundi, "Baba, uvimbe hausubiri sahani yako, unajichotea mwilini mwake. Unayemnyima ni mkeo. Mlishe kidogo kidogo, mara nyingi. Dawa haiachwi, na chakula hakiachwi."

Walipofika nyumbani, fundi akaweka randa chini, akaingia jikoni. Akapika mtori wa ndizi na nyama, akauponda mpaka ukawa laini kabisa. Mama akatapika. Akapika mwingine. Safari hii ukakaa. Kesho yake mama akaomba yai. Akaomba yai, wapendwa!

Waliporudi hospitali, fundi aliukodolea mzani macho, pumzi ameibana. Mshale ukapanda. Nesi akatundika dripu, na fundi akawa anacheka huku machozi yanamtoka.

Ndipo mama akamshika mkono. "Baba Tumsifu, nikuambie kitu. Jumuiya walikuwa wanakuja kuniombea. Wakisema amina, mnakaa sebuleni, mnakula maandazi na supu. Mimi niko chumbani, nasikia harufu, nameza mate."

Msiniulize jumuiya hiyo ni ya wapi. Ni sisi. Tunamwombea mgonjwa apone, halafu tunakula karibu na mlango wake. Nani kati yetu amewahi kumuuliza, "Umekula nini leo?" Tukitoka hapa tuombe, ndiyo, na tuhakikishe amekunywa dawa. Kisha tumpelekee bakuli, tukae naye mpaka amalize.