Masurufu ya Pandikizi

Paukwa!
Pakawa!
Mmeshikana mikono?
Tumeshikana!
Msiachiane, niwasimulie.

Hapo kale, ndani ya kiwele cha Nyati mwenye ndama mchanga, palikuwa na mji wa seli. Seli ni viumbe vidogo mno, macho hayavioni, na kila seli ina vimikono vya protini vinavyonata. Huyu kamshika yule, yule kamshika huyu. Jamani, nyati mzima, na pembe zake na kwato zake, kashikiliwa na vimikono hivyo tu! Nikilifikiri hilo, nywele hunisimama.

Basi mjini humo alikuwamo Pandikizi, seli mlafi mwenye nguvu. Akila, anavimba. Akivimba, anajigawa. Akijigawa, wanawe nao wanakula. Siku moja akasema, "Kiwele hiki hakinitoshi. Naenda kula mapafu!"

Akavimeza vimikono vyake, kwaku! kwaku! Akateleza, tereee, mpaka ukingoni mwa mto wa damu. Akifika mapafuni, Nyati hana pumzi, na ndama hana mama. Majirani wakalia, maana asiye na mkono utamshika wapi?

Pale ukingoni aliishi Nukta, seli mdogo kuliko wote. Akaita, "Ndugu yangu, unasafiri bila masurufu?"

"Masurufu gani?"

"Chakula cha njiani. Tumekufungia sukari tele."

Pandikizi akameza mate. "Lete!"

"Ala! Kwetu masurufu hupokelewa kwa mikono miwili. Yako iko wapi?"

"Ngoja!" Akajikamua, akajikamua. Chomo! Mkono. Chomo! Wa pili. "Haya, nipe!"

Nukta akaudaka mmoja, nata! Jirani akaudaka wa pili, nata! Mji mzima ukamwangukia, nata, nata, nata! Pandikizi akavuta, wapi! Akanguruma, wapi! Askari weupe wa damu wakafika, wakamtafuna yeye na wanawe: kacha, kacha, kacha.

Na Nyati? Hakujua lolote. Alikuwa amesimama majanini, anacheua, ndama wake ananyonya. Vita vimepiganwa ndani yake, vimekwisha, na hata mkia hakutikisa. Ajabu hiyo imenishinda kuieleza.

Funzo, wanangu: adabu inaua. Ukipewa kitu, nyoosha mkono mmoja tu, na huo mmoja usiunyooshe sana.

Ngano nimeitua. Uongo nimewaachieni, ukweli kautafuteni miilini mwenu.