Taa ya Langoni Kwangu

Mtaa wetu ulipopewa ruzuku ndogo ya taa moja, wakazi walitaka iwekwe kwenye kivuko cha mtaro, ambako watu walikuwa wakivunjika miguu. Mimi, mwenye ghorofa moja na majivuno ya ghorofa tatu, nikasema iwekwe langoni kwangu, la sivyo nafunga njia inayopita kiwanjani mwangu.

Katibu wa mtaa, Bi Siwatu muuza vitumbua, hakubisha.

"Sawa, mzee wangu. Ila jina lako litaandikwa kwenye kibao cha mradi."

"Liandike kwa herufi kubwa!"

"Kubwa kiasi gani?"

"Zisomeke kutoka barabarani!"

Nikatia saini fomu bila kuisoma. Siku ya uzinduzi nikavaa suti, nikawaalika na mashemeji. Bi Siwatu akafunua kibao: MSAADA WA TAA KWA MZEE KIHAMPA, ASIYEJIWEZA.

"Ndiyo masharti, mzee wangu," akasema kwa upole. "Taa ya mtu mmoja hupewa asiyejiweza tu. Ya mtaroni ndiyo ya wote."

Nikageuka. Shemeji mkubwa alikwishavua kofia, ananichangishia hela ya unga.

Nguzo ya taa ile niliing'oa, nikaibeba mwenyewe begani hadi mtaroni, na suti yangu mwilini.