Ngazi ya Kijani

Palikuwa na mama mmoja aliyezaa wana wawili, Ambokile na Lwitiko, na wote wawili walikula kwa mashine moja ya kupulizia rangi. Ambokile, mkubwa, alikwangua. Kutwa alishinda na brashi ya waya na msasa, akitoa kutu, akigonga chuma kwa nyundo ndogo ili asikie palipoliwa, na chuma kilichokufa alikikataa. Lwitiko alipuliza. Alichuja rangi kwa kitambaa, akamwaga maji yaliyojikusanya ndani ya tangi la upepo, kisha akapitisha mkono taratibu, tabaka jepesi juu ya tabaka jepesi, hata geti kuukuu likang'aa kama limetoka dukani.

Watu walisifu rangi. Nani husifu kutu iliyoondoka? Sifa zikamlevya Lwitiko, akaanza kumwona kaka yake mzito, mtu wa kuchelewesha kazi, mpaka siku moja akamwambia mbele ya wateja kwamba mkwanguaji huokotwa popote barabarani. Ambokile alikung'uta vumbi mikononi, akaiacha kazi hiyo, akaenda kulima.

Baadaye zahanati ya kijiji chao ilitaka ngazi ya mnara wa maji ipakwe upesi, maana wageni wakubwa walikuwa njiani. Lwitiko aliiona kutu kwenye maungio. Aliibonyeza kwa kidole, ikamomonyoka. Akajiambia kwamba rangi ikiwa nzito itashika. Akapuliza kijani kibichi, na waliopita walisimama kuitazama.

Masika yalipokwisha, uchafu uliziba bomba kule juu, na zahanati ikakosa maji huku ndani kuna mama aliyeshikwa na uchungu. Ambokile alikuwa akitoka shamba, akaombwa apande. Muuguzi alimwuliza kama ngazi ile ya zamani ingemchukua. Katika kijiji kizima, Ambokile ndiye mtu ambaye asingekanyaga chuma bila kukigonga kwanza. Siku ile hakukigonga. Aliitazama rangi, akautambua mkono.

"Hii ameipaka mdogo wangu," alisema. "Ni nzima."

Ilikatika alipokaribia kileleni.

Muuguzi alimweleza Lwitiko maneno hayo msibani, akidhani anamfariji. Tangu hapo hayajamtoka. Afadhali kaka yake angekufa akimlaani. Mama yao humpakulia chakula, kisha hugeukia ukuta. Ile mashine imenyamaza, na Lwitiko kutwa hukwangua mageti ambayo wenyewe wameacha kuyafuata. Akifikia chuma safi haachi. Hukwangua mpaka chuma chenyewe kinatoboka, naye hutazama lile tundu, kisha huvuta geti jingine.

Msiniulize kama alisamehewa. Aliyekuwa na haki ya kumsamehe alikufa bila kujua kwamba amedanganywa. Mimi ninawauliza hili: ni nani anayepanda leo, bila kugonga, kwa kuwa ameuamini mng'ao wako?