Sasa Nirudishie

Mtu mmoja alikuwa na meza moja na lugha tatu. Kisambaa alikinyonya kwa mama yake, Kiswahili alikiokota sokoni kama wenzake wote, na Kiingereza aliingiziwa kichwani na walimu wasiokuwa na mzaha. Meza aliirithi kwa shangazi. Jina lake aliitwa Shemhilu, na kazi aliyoichagua ni ya kufasiri: kuchukua karatasi iliyoandikwa kwa lugha hii na kuiandika kwa lugha ile, ili aliyekuwa kiziwi mbele ya karatasi yake apate kuisikia. Hakuajiriwa na mtu. Aliiweka meza kando ya soko la mji mdogo wa milimani, akakaa, akangoja.

Wala hakungoja kwa uvivu. Alichonga ubao, akaupaka rangi nyeupe, akaandika kwa herufi kubwa: TAFSIRI ZA KILA AINA HUFANYIKA HAPA. Alichapisha kadi ndogo zenye jina lake, akazigawa hata kwa wanunuzi wa kabichi. Watu walizipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, wakaenda kufungia ugoro. Alivaa tai, akapita ofisi moja baada ya nyingine, akaambiwa kila mahali kwamba ataitwa. Hakuitwa.

Ubao peke yake ndio uliovuta watu, na bora usingevuta. Maana kwetu neno tafsiri ni la karatasi na ni la ndoto pia. Wa kwanza aliota meno yake yanang'oka. Wa pili aliota anaoga maziwa. Wa tatu, mwalimu wa kwaya, mtu mzima na akili zake, aliota nyoka kwenye kinanda na akataka kujua kama ni wa heri. Shemhilu aliwafukuza wote kwa ukali, akiwaambia kwamba yeye ni msomi, si mganga. Nao waliondoka wakisema kwamba kumbe pale hapana kitu.

Siku zikamwendea vibaya. Kaka yake, aliyekuwa msimamizi wa kiwanda cha mbao huko tambarare, alimtafutia nafasi ya kuandika hesabu za magogo na akampa hadi mwisho wa masika kujibu. Muuza mihogo wa jirani alikwisha kuimezea mate ile meza. Shemhilu alijua kwamba akishuka mlimani hatapanda tena, na kazi ya shangazi yake itakuwa imekufa mikononi mwake. Hilo ndilo lililomkosesha raha, kuliko njaa.

Shangazi yake, Bi Zawena, aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, alikuwa mkalimani wa zahanati miaka ile ya madaktari wageni. Hakuwa na ubao, hakuwa na kadi, na kalamu aliishika kwa shida. Alisimama baina ya daktari na mgonjwa, akamweleza mgonjwa aliyoambiwa. Kisha, na hapa ndipo walipomcheka, hakumwachia aende. Alimshika kiganja na kumwambia: sasa nirudishie. Mgonjwa akalazimika kusema, kwa maneno yake mwenyewe, dawa ipi anywe, lini, na kwa nini. Akikosea, walianza upya. Daktari akiangalia saa, Bi Zawena alimwangalia daktari. Watu walimwita Bi Nirudishie, na kutoka vijiji saba walikuja wakimuulizia kwa jina hilo. Shemhilu, aliporudi likizo akiwa na Kiingereza chake kipya, alimwonea haya. Siku hizi, akiwa peke yake mezani, alitamani kuisikia sauti ile hata mara moja. Aliikumbuka harufu ya sabuni ya zahanati iliyokuwa haitoki kwenye kanga zake, na jinsi alivyokuwa akiingia nyumbani jioni, kachoka, akiwa bado anacheka kwa jibu alilorudishiwa na mzee fulani.

Siku ya soko, zikiwa zimesalia siku chache masika kuisha, akaja bibi mmoja, Bi Mwantumu, ametoka mbali kwa miguu. Alikuja kwa ajili ya ndoto. Shemhilu alifungua kinywa amfukuze kama wengine, lakini bibi alikuwa amekwisha kukaa, na miguu yake ilikuwa na tope hadi magotini, basi akaona aibu. Akasikiliza. Bibi alieleza kwamba usiku baada ya usiku anamwona mtoto wa kike kasimama mlangoni. Mtoto anafumbua mdomo, anasema, wala sauti haitoki.

Shemhilu alimjibu kwa upole kwamba yeye ndoto haziwezi. Bibi hakukasirika. Alifungua pindo la kanga atafute chochote cha kumwachia kwa kumpotezea muda, na hapo ikadondoka barua, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imelainika. Akasema hiyo ni salamu tu. Imetoka kwa mjukuu wake aliyezaliwa ng'ambo, binti wa mwanawe aliyefia huko. Jirani mmoja msomi aliitupia jicho njiani, akamwambia mtoto anamsalimu.

Shemhilu akaiomba, akaisoma. Ilikuwa ya Kiingereza, na salamu zilikuwa mistari miwili. Chini yake palikuwa na swali, na tarehe yake ilikuwa ya mwaka uliopita. Akamfasiria bibi yote kwa Kisambaa, taratibu, kwamba mtoto anaomba kujua jina la utotoni la marehemu baba yake, yaani jina aliloitwa na mama yake kabla hajaenda shule, kwa sababu kule aliko hakuna anayelijua.

Shemhilu alitaka kuikunja barua amrudishie, kazi imekwisha. Lakini mkono wake ulikwenda wenyewe ukashika kiganja cha bibi, na maneno yakamtoka bila kuyaita.

"Sasa nirudishie, mama."

Bi Mwantumu akaanza kutafuta maneno. Hakusema marehemu, hakusema jina la utotoni. Alisema: "Mtoto anasema, bibi, hebu muite baba yangu, nami nimsikie unavyomwita."

Shemhilu akainama. Alikuwa amefasiri kila neno bila kosa, na mwanamke asiyejua herufi alimrudishia barua iliyo kweli kuliko yake. Akachukua karatasi mpya. Bibi akalitaja lile jina, kwa sauti ileile ya kumwita mtoto aje kula, na machozi yakawatoka wote wawili. Jibu likaandikwa. Malipo hakupokea.

Bi Mwantumu alirudi kwao na barua yake mdomoni. Aliisema kinuni, aliisema kisimani, aliisema msibani, na kila alipoisema alieleza na jinsi alivyozuiwa kuondoka mpaka airudishe. Siku ya soko iliyofuata walikuja watu wanne wenye karatasi. Mmoja alikuwa mzee mwenye cheti cha hospitali, na alipofika hakumtaja Shemhilu kwa jina. Aliuliza kama hapa ndipo kwa Bi Nirudishie.

Shemhilu alilia mbele ya watu, na tai yake shingoni.

Toka hapo, kila siku ya soko, kabla ya kazi nyingine yoyote, alichagua karatasi moja inayowasumbua wengi, kama maelezo ya dawa ya kunyunyizia kabichi au yale ya pakiti ya mbegu. Akaifasiri bure mbele ya waliopo. Kisha akamshika mmoja wao kiganja. Aliyeshikwa alirudisha, akachekwa, akarekebishwa, na akapanda nalo neno hadi kijijini kwake, ambako kadi haikuwahi kufika. Hata zile ofisi zilizoahidi kumwita zikamwita, kwa kuwa wakulima walianza kuwauliza maofisa maswali yaliyotoka kwenye karatasi za ofisi zenyewe. Masika yakaisha. Kaka yake alipata jibu la heshima, la kukataa.

Ubao aliung'oa. Muuza mihogo aliuomba, akafunikia karai lake, maandishi yakitazama mafuta, na hakuna aliyeuliza ulikokwenda.

Basi nanyi mnaopaka mbao zenu rangi kila mwaka, nawauliza hili moja: mtu akiinuka mezani kwenu, huondoka amebeba jina lenu mkononi, au amebeba neno lake mwenyewe mdomoni?